Moto wa Kwanza Katika Nyumba ya Mawe

Nilikuwa na miaka tisa hivi, na kule kwetu Subukia palikuwa na nyumba ya mawe iliyoachwa na mlowezi. Alifia humo, na watoto wake walioko Ulaya hawakurudi. Shosho, nyanya yetu, alitukanya jambo moja tu: tusiwashe moto ndani. Nyumba iliyofiwa, alisema, huwashiwa moto wa kwanza na mtoto wa marehemu. Binamu yangu Kamau, mjuaji kupindukia, alimuuliza kama mizimu ya wazungu nayo inafuata mila zetu. Shosho aliendelea kuchambua maharagwe yake.

Siku moja mvua ilitukuta tukichunga mbuzi, tukakimbilia humo. Kamau akawasha moto. Moshi ulipopanda, nyuki waliojenga kwenye bomba la moshi walitushukia. Mimi nilivimba tu. Kamau alipoteza jicho la kushoto. Najua nyuki ni nyuki. Hata hivyo niliogopa, na woga ule sikuuacha Subukia.

Sasa nafanya kazi za nyumbani hapa Doha, kwa mama mmoja Mfaransa anayeishi Al Thumama. Mwaka jana baba yake alifariki, akamwachia nyumba kongwe ya mawe, shambani huko Ufaransa. Madam aliamua nitangulie mwezi wa saba, niifungue, nisafishe, niwashe moto unyevu utoke. Alinionyesha picha kwenye simu. Nilipoona meko yale, meusi, mapana kama mlango wa zizi, nilikumbuka jicho la Kamau. Kukataa kungeweza kuninyima kazi, na wanangu wanasoma kwa kazi hii.

"Nitakwenda, Madam," nilimwambia. "Lakini moto wa kwanza uwashe mwenyewe. Kwetu huwashwa na mtoto wa marehemu."

Nilidhani atanicheka. Aliiweka simu mezani.

"Sijaweza kuingia humo tangu tumzike," alisema. "Ndiyo maana nakutuma wewe."

Mwishowe tulikwenda wote wawili. Nilimulika bomba la moshi kwa tochi kwanza, maana mila ni mila na nyuki ni nyuki. Kisha Madam akapiga magoti, akawasha, na kuni ziliposhika alilia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini. Nilimwachia chumba.

Miaka yote niliamini Shosho alikuwa akitukinga na marehemu. Nikiwa nimesimama uani kwa watu, nikimsikia Madam akimwita baba yake, nilielewa kuwa katazo lile halikuhusu wafu hata kidogo. Liliwekwa ili mtoto asipate mtu wa kumtuma, aje mwenyewe.