Mbuzi wa Getini

Kazi yangu ni kufunga vitu vya kuzuia wezi, na kusema kweli wezi nimewaona wachache kuliko paka. Mteja akinipigia kwamba sensa yake inalia bila sababu, naenda nikijua nitakuta tawi linalopeperushwa na upepo, buibui aliyetanda utando kwenye kioo, au paka. Kwa hiyo nilipoitwa mara ya tatu nyumbani kwa mshonaji, nilikwenda nimekunja uso.

Mshonaji ni mama wa miaka sabini na ushee, anaishi peke yake shambani, nyumba ya mwisho kabla barabara haijawa njia ya miguu. Miaka arobaini alishona sare za shule kwa cherehani ya miguu, mgongo umeinama juu ya sindano, na ulipofika wakati wa kupumzika mgongo ulikataa kunyooka. Sasa anatembea akitazama chini kama aliyedondosha kitu. Mwenyewe husema amepata faida moja, hajikwai. Mume alishatangulia, majirani wamehamia mjini mmoja mmoja, na mwanawe wa pekee anafanya kazi ya ofisini katika mji wa mbali. Wezi walipong'oa pampu ya kisimani, yule kijana (nasema kijana, ana mvi) alinipa kazi ya kufunga sensa tatu: getini, ghalani na kisimani. Hazina waya, zinatumia betri. Kitu chenye joto kikipita mbele yake, sensa inapeleka habari kwenye kisanduku kilichoko sebuleni, na kisanduku kinapeleka ujumbe kwenye simu ya mwana huko aliko. Naye humpigia mama yake papo hapo kuuliza kuna nini.

Kwa wiki sita ya ghala na ya kisima hazikulia hata mara moja. Ya getini ililia kila siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni, mpaka mwana akachoka. Nilibadilisha betri. Nikafyeka majani. Nikaigeuza isitazamane na jua. Wapi! Safari hii niliamua kufika bila taarifa. Pikipiki niliiacha mbali, nikajibanza nyuma ya uzio kama mwizi mwenyewe, jambo la aibu kwa mtu wa umri wangu.

Saa nne kasoro dakika mbili mshonaji alitoka. Alikuwa amechana nywele na kuvaa gauni la kutokea. Akaenda taratibu mpaka getini, akapita mbele ya sensa, akageuka, akapita tena, taa nyekundu ikawaka. Kisha akarudi kuketi kwenye ngazi ya mlango, simu mapajani. Haikupita dakika, ikaita. Aliiacha iite mara mbili ndipo akapokea. Nilimsikia akimwambia mwanawe kwamba hapana, hajaona mtu, labda paka, na je, yeye amekula, na kile kikohozi kimeisha? Mazungumzo hayakuzidi dakika tatu. Simu ilipokatika aliendelea kuishika sikioni kwa muda.

Nilijitokeza. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya mtu aliyepotezewa siku tatu za kazi, yakanyauka yote mdomoni. Hakushtuka wala kuona haya. Alinionyesha pa kukaa, akanimiminia chai, ndipo akasema:

"Nikimpigia mimi, yuko kikaoni. Kikimpigia hicho kidude, anapokea. Ungekuwa wewe ungefanyaje, fundi?"

Aliniomba nisimwambie mwanawe, asije akadhani mama yake amerudi utotoni. Nikamwahidi. Palepale nikampigia mwana, nikasema ni mbuzi wa jirani, wanakuja kula majani ya uzio. Jirani mwenyewe hayupo, sembuse mbuzi. Lakini njia ya mwongo ni fupi. Mwana alifurahi kweli kusikia sababu. Akasema basi dawa yake rahisi, niipandishe sensa juu iwaone watu tu, wanyama wapite chini yake. Na ndivyo tunavyofanya, mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha siku ya kwanza. Ningekataa kwa kisingizio gani?

Nikaipandisha. Nilijifariji kwamba mama ni mtu, sensa itamwona tu, na sote watatu tutakuwa tumepata tunachotaka. Niliikaza usawa wa kifua changu, nikapita mbele yake, taa ikawaka. Nikamwambia mshonaji naye apite tujaribu.

Akapita. Taa haikuwaka.

Nikasema labda amepita upesi mno, ingawa kobe angemwacha. Akarudia. Kichwa chake kilifika kwenye mkanda wangu wa suruali, hakikuzidi hapo. Mara ya tatu alishika nguzo ya geti kwa mikono miwili akajaribu kunyooka, nikaona shingo inatetemeka, na bado taa haikuwaka. Alicheka kidogo, akasema kumbe sikumdanganya mwanawe, mbuzi yupo, ndiye yeye. Mimi sikucheka. Baadaye naye akaacha.

"Kwa hiyo mimi sionekani," akasema.

Nimefunga sensa miaka kumi na minane na sijawahi kuona aibu kama ile. Nilimkasirikia mwana, nikajikasirikia mimi zaidi, maana bisibisi ilikuwa mkononi mwangu. Nikafungua skrubu zote, nikairudisha pale pa chini, usawa wa mbuzi. Nikamwomba apite. Taa ikawaka. Akaenda kuketi kwenye ngazi, akaifuta simu yake kwa pindo la gauni, akaiweka mapajani. Tukangoja.

Simu ikaita. Ilikuwa yangu, mfukoni.

Aliitazama yake kwanza, akahakikisha kioo hakijawaka, ndipo akanitazama mimi. Nilipokea nikaweka spika, kwa sababu sikuwa na moyo wa kuzungumza habari zake pembeni. Mwana akauliza mbona imelia tena, si nilisema nawamaliza hao mbuzi?

"Hakuna mbuzi," nikamwambia. "Ni mama yako. Anapita hapo ili umpigie."

Nilisikia watu wakizungumza nyuma yake, na kiti kikivutwa. Hatimaye akasema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ya getini niizime tu, haina haja tena.

"Nitakuwa nakupigia, mama," akasema. "Kila siku."

Mimi nilimwamini. Mshonaji akamjibu haya mwanangu, atashukuru sana, na asisahau dawa ya kikohozi. Simu ilipokatika niliinuka nikaenda getini kutoa betri. Alinifuata polepole, akaweka mkono juu ya bisibisi.

"Iache," akasema. "Mwaka juzi pia aliniambia hivyo hivyo, na alikuwa anamaanisha."