Chombo Kinachofunga Vizuri

Umma umejulishwa, na umma hauna budi kuamini, kwamba kila sampuli ya uchunguzi wa jinai hupokelewa na mtaalamu aliyefuzu, chini ya usimamizi wa karibu, na kwamba asiye na hatia hana cha kuhofia. Tangazo limebandikwa mlangoni mwa ofisi ndogo ya uchunguzi, Kamunyonge, mjini Musoma.

Mtaalamu mwenyewe ni Matrida. Aliingia pale kufanya usafi. Mkemia mmoja akahamishwa, mwingine akastaafu, nafasi zao zikabaki zikisubiri kibali cha ajira. Na kwa kuwa Matrida ndiye aliyekuwa na ufunguo, akapewa koti jeupe na kazi ya kupokea sampuli. Mafunzo yake yalifanyika Bunda, ukumbini. Walifundishwa uadilifu, wakala wali na sato, wakapigwa picha. Somo la vyombo liliahirishwa, maana mkufunzi alikuwa anawahi basi.

Asubuhi moja ya kiangazi akaja Afande Bonifasi kutoka Butiama, na nyuma yake Makongoro, mkulima wa Buswahili, amekumbatia kopo la plastiki kama mtoto mgonjwa. Kaka yake, Magesa, alikuwa amekufa ghafla baada ya kula ugali, na mjane wake, Robi, yuko mahabusu kwa tuhuma za kumtilia sumu. Ndani ya kopo mlikuwa na kilichotolewa tumboni mwa marehemu, kikapimwe. Hospitali ilikuwa imeishiwa vyombo. Ndugu waliambiwa walete chao, kama walivyozoea kuleta glovu na nyembe. Maiti yenyewe ilikuwa nje, kwenye gari, njiani kwenda kuzikwa.

Matrida alilegeza kifuniko, akakikaza upesi. Harufu ile aliijua; amekulia kwenye ng'ombe.

"Kaka, hili kopo lilikuwaga la nini?"

"La dawa ya kupe, dada. Ila nimelisugua kwa sabuni na majivu, linang'aa hilo. Ndilo pekee linalofunga vizuri pale nyumbani. Nilisema kaka asimwagike njiani."

"Na shemeji yako wanasema alimtilia nini?"

Makongoro akatazama viatu vyake. "Dawa ya kupe."

Bonifasi akakohoa.

"Afande," Matrida akasema, "mwili si huo hapo nje? Urudisheni hospitali, daktari achukue sampuli nyingine. Chombo nitanunua mimi hapo dukani, kipya."

"We dada! Utaenda kuwaambia wewe wazee wa Buswahili? Kaburi limechimbwa, ng'ombe yuko chunguni. Na udaktari umeuanza lini?"

"Tangu mlivyoacha kutuletea daktari."

Bonifasi akacheka, kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri, kisha akasogeza kopo mbele.

Matrida akampigia simu mkuu wake, Bwana Gibson, aliyekuwa Bunda kwenye semina ya usimamizi wa karibu.

"Limefungwa vizuri?" Gibson akauliza. Nyuma yake watu walikuwa wanapiga makofi.

"Limefungwa, bosi, ila hilo kopo..."

"Basi pokea. Sisi ni posta tu, Matrida. Maabara kuu watajua wenyewe."

Akapokea. Akabandika lakiri, akaandika jina la marehemu kwa mwandiko wake mzuri. Makongoro akamshukuru kwa mikono miwili, akaenda kumzika kaka yake.

Maabara kuu walijua. Majibu yalirudi yakiwa wazi: dawa ya kupe. Hawakukosea hata kidogo.

Kesi ilipoanza kusikilizwa, Matrida aliitwa kutoa ushahidi. Wakili wa serikali alimuuliza kama kopo lilifika likiwa limefungwa.

"Lilifungwa, mheshimiwa. Ila lile kopo, kabla ya hapo lili..."

"Shahidi ajibu alichoulizwa."

"Lilifungwa."

Kizimbani Robi alikuwa ameinua kichwa. Alimkazia Matrida macho, midomo imeachana kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi. Matrida akashika ukingo wa meza, akageukia upande wa utetezi, akasubiri.

Wakili wa Robi alikuwa amepewa jalada asubuhi ileile. Alifunua kurasa mbili, akasimama nusu, akasema hana swali kwa mtaalamu.