Gemu ya Mkononi Niliyoiapia

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtaa mzima wa Malindi hapakuwa na mchezaji mbovu wa gemu kunishinda mimi. Rafiki yangu wa nyumba ya pili alikuwa nayo, gemu ya mapigano, ya kuchomeka kwenye televisheni, na kila siku tukitoka chuoni kusoma Kurani alinipiga mpaka pedi ya kuchezea ikaniteleza kwa jasho. Mtu mwenye akili angejifunza kucheza. Mimi nilijifunza kusema uongo.

"Hii mbona ya kitoto," nikamwambia siku moja, baada ya kupigwa mara ya saba. "Ipo hii hii ya mkononi, inaingia mfuko wa kanzu. Mjomba'angu kaja nayo kutoka Dubai. Mimi nshaicheza mpaka mwisho."

"Wallahi?"

"Wallahi."

Kwetu mtu akishaapa, mazungumzo yamekwisha. Kumtaka ushahidi baada ya hapo ni kumtukana yeye na waliomlea. Basi hakuniuliza tena kama ipo. Aliniuliza rangi tu, nikamwambia buluu.

Gemu za mkononi tulizozijua siku zile ni zile za matofali yanayoporomoka, zikiuzwa sokoni Darajani pamoja na betri na miswaki. Lakini uongo wangu ulikuwa mtamu. Wiki haikupita, kijana mmoja chuoni akaapa binamu yake anayo, ya buluu, na ndani yake mna mpiganaji wa siri ambaye kwenye ya televisheni hayumo. Nami, mpumbavu wa kutupwa, nikaanza kumtamani huyo mpiganaji.

Kumbe rafiki yangu alikuwa na ahadi ya baiskeli. Baba yake alikuwa baharia wa meli za Dubai, na safari hii mtoto alimwambia aiache baiskeli, amletee gemu ya mkononi. Alinihadithia kwa furaha, meli ingali gatini. Nilikuwa na siku mbili nzima za kusema kweli kabla haijang'oa nanga. Nilizitumia kumfundisha jinsi vitufe vya gemu hiyo vilivyokaa.

Baba yake alirudi baada ya miezi miwili. Akaniita mlangoni kwao, nikaitika naam, nikamwamkia kwa sauti ya kuku mwenye kideri.

"Marahaba. Mwanangu, n'sameheni nyote wawili. Nimezunguka siku mbili, duka kwa duka, wananicheka tu. Lakini we umeapa, basi ipo, mimi ndo sijafika pake. Hebu nambie, mjomba'ko kanunua mtaa gani? Safari ijayo n'takwenda moja kwa moja."

Rafiki yangu alikuwa amekaa barazani, hana baiskeli, hana gemu, ananitazama bila ya chembe ya shaka. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Neno moja tu lingetosha, na nilikuwa nalo mdomoni.

Nikamtajia mtaa. Nikamwelekeza mpaka kona ya kukata. Dubai kwenyewe sijafika mpaka leo.