Meza Iliyoangalia Mlango

Miaka minne nilikuwa na nyumba Isiolo, na hakuna jirani hata mmoja aliyeingia ndani.

Si ati hawakunijua. Mwenye maziwa alikuja. Mwenye kuni alikuja. Wote walisimama nje, wakachungulia kidogo, wakaongea na mimi huku wakiangalia miguu yao, wakaenda.

Ukiwaambia karibu, wanasema wana haraka.

Haraka ya kwenda wapi, na jua lile?

Mimi ni Mmeru wa Maua. Mwaka wa 1981 mume wangu Kaberia alipata ploti mtaa wa Wabera, hapo Isiolo, tukajenga vyumba viwili vya mawe. Majirani wote walikuwa Waborana. Hatukujua mtu.

Kaberia alikuwa dereva wa watu waliochimba visima huko Kinna. Fundi wao mkubwa alikuwa Mchina, mzee mpole, na alimfundisha mambo ya kwao ya kupanga nyumba. Kwao wanaita upepo na maji. Ukipanga vitu vibaya, bahati inapita nje bila kubisha.

Kaberia alishika hayo maneno kuliko mahubiri ya Jumapili.

Kazi ya visima iliposimama, alirudi na meza kubwa ya mbao. Alitaka kuandikia watu barua na kuwajazia fomu, hapo hapo sebuleni.

"Mama Kagendo, shika upande huo," akaniambia. "Mtu wa kazi haupi mlango mgongo. Ukuta uwe nyuma yangu, mlango mbele. Kila anayekuja nimwone kabla hajaniona."

"Na wageni watakaa wapi?"

"Hapo mbele. Kiti kimoja."

"Kimoja tu?"

"Vikiwa vingi vinafunga njia ya upepo."

"Basi upepo ukae, mimi nitasimama," nikasema, akacheka.

Tulitoa kioo kilichoangaliana na mlango. Beseni la maji tukaweka pembeni. Koti lake la kaki akalitundika kwa msumari, juu ya kichwa chake. Chumba kilipendeza, siwezi kudanganya.

Wiki ya kwanza mzee mmoja alifika na bahasha. Akasimama mlangoni, akamwona Kaberia ameketi pale, kalamu mkononi.

"Karibu mzee. Jina lako nani?"

Mzee aliirudisha bahasha mfukoni, akageuka, akaenda. Hakujibu hata salamu.

Wakaja wengine wawili, ikawa hivyo hivyo. Halafu hakuja mtu.

"Hawa hawatutaki," Kaberia akaniambia. "Sisi si wa dini yao, si wa kabila lao."

Mwaka uliofuata alirudi kwa wachimba visima. Huko huko malaria ikamshika. Tulimzika Maua, 1983.

Binti yetu Kagendo alikuwa ameolewa Chuka. Nikarudi Wabera peke yangu.

Meza sikuisogeza. Niliipanguza kila asubuhi, halafu nikakaa kwa kile kiti kimoja cha mgeni, nikanywa chai nikiiangalia.

Kuna siku zilipita sijasema neno. Nikiita kuku jioni, nashtuka kusikia sauti yangu.

Mwaka wa 1985 nikachoka. Nikamwandikia ndugu yangu Rimberia aje na lori Jumamosi, anirudishe Maua.

Alhamisi mvua ikaja, ile nzito ya baada ya kiangazi. Hawo, mwenye maziwa, alikuwa mlangoni na kibuyu chake.

"Hawo, ingia, unanyeshewa."

"Niko sawa."

"Maji yanakutoka kwa nguo."

"Ni mvua tu. Leta sufuria."

Uvumilivu ukaniishia. "Nimewakosea nini? Keshokutwa naenda. Niambie tu."

Akaonyesha ndani kwa kidevu.

"Hiyo meza."

"Meza imefanya nini?"

"Wakati wa vita ya shifta, miaka ya sitini, serikali ilitufungia kambini," akasema. "Kulikuwa na chumba. Meza hivyo, ukuta nyuma, koti ya kaki, kiti moja. Mtu anauliza jina. Anauliza bwana yako iko wapi. Mimi nikasema Gollo iko na ngamia."

Akapangusa uso.

"Wakaenda kwa ngamia. Sijaona yeye tena."

Nikageuka, nikaitazama ile meza.

"Hapa mtaani mtu mzima gani hajasimama mbele ya meza kama hiyo?" akasema. "Sisi tulijua nyinyi ni watu wa kuandika majina."

"Na bado uliniletea maziwa?"

"Sasa ulale njaa?"

Nilitoka nje kwenye mvua, nikasimama kando yake, nikaangalia ndani. Mara ya kwanza tangu tuhamie. Wacha niseme ukweli: hata mimi nisingeingia.

"Nisaidie kuisukuma," nikamwambia.

"Siingii."

"Basi ningoje."

Nikaisukuma peke yangu, miguu yake ikikwaruza saruji, mpaka ikaangalia ukuta wa pembeni. Atakayeandika pale ataupa mlango mgongo kabisa. Koti nikalikunja, nikalipeleka chumbani.

Ndipo Hawo akaingiza mguu mmoja. Baadaye wa pili.

Jumamosi Rimberia alikuta wanawake saba wamekaa kwa mikeka.

"Mbona hujafunga mizigo?" akauliza, amesimama mlangoni.

"Ingia ama toka," Hawo akamwambia. "Unatuzibia mwanga."

Lori lilirudi Maua tupu. Mimi niko Isiolo mpaka leo.

Kinachoniuma ni Kaberia. Alikufa akiamini watu wamemkataa, kumbe walikuwa wanamwogopa. Yeye hakuuliza, wao hawakusema.

Kwa hivyo wewe unayesema majirani hawakupendi, usianze kuhesabu makosa yao. Toka nje, simama pale mgeni anaposimama, na uangalie nyumba yako kwa macho yake.