Nilimwambia Magesa nimepika gundi, na gitaa la kumbukumbu ya baba yake likaishia kwenye beseni

Wakuu, salamu kwenu, na nyie mnaochungulia bila kulogin pia nawaona.

Mnanijuaga kwa chumvi. Leo chumvi itakuwepo, ila kwenye kosa langu siongezi wala sipunguzi.

Mimi shule niliionaga kwa nje, nikipita na ng'ombe. Kazi niliyojua ni kuunda magitaa, nilifundishwa na rafiki yangu Magesa, mtu wa Bugwema. Tulipanga chumba pale Kigera, Musoma.

Ule wakati wa shida, dukani unakuta muuzaji na mizani, wanaangaliana. Sabuni hakuna, sukari hakuna. Gundi ndio usiulize kabisa.

Magesa akawa anapika gundi ya ngozi ya ng'ombe.

Unaloweka ngozi kwenye maji ya chokaa mpaka manyoya yaachie. Unaosha, unakatakata, unachemsha kwa moto mdogo kutwa nzima. Unachuja, unaanika, inakuwa kama sukari guru. Siku ya kazi unaloweka kipande, unakiyeyusha kwenye kopo lililokaa ndani ya sufuria ya maji ya moto.

Harufu yake sasa! Samaki sato wote wa Musoma walikuwa wanahamia Uganda kuomba hifadhi.

Siku moja jirani yetu Mama Kolodina alikuja na bakuli kabisa.

"Shemeji, hiyo supu ya makongoro imeiva?"

Magesa akamjibu, "Mama, ukinywa hii, mdomo tutakufungulia Jumapili."

Ila ile gundi wakuu, inasamehe. Ukibandika vibaya, unamwagia maji ya moto, unapitisha kisu cha moto, kiungo kinafunguka taratibu. Unakwangua, unabandika upya. Mbao haiumii.

Sasa Magesa alikuwa na gitaa moja la kwake mwenyewe, hauzi. Baba yake alipofariki walichinja dume pale msibani. Ndugu wakagombania nyama, yeye akaomba ngozi tu. Akapika gundi, akaunda lile gitaa, akaliita Mzee.

Ikaja enzi ya ruksa, bidhaa za nje zikafunguliwa. Maduka yakajaa mpaka vitu vinakaa barabarani.

Mwaka huo dada yake Magesa, Nyangeta, alikuwa anaolewa, kanisani Bunda, Jumamosi. Akamwambia kaka yake, "Baba hayupo, basi Mzee ndio aniingize kanisani. Nisipomsikia nageukia mlangoni."

Kwa mvua za msimu ule shingo ya Mzee ikalegea. Na Magesa anatakiwa Butiama kupokea ng'ombe za mahari.

Akaniambia, "Ndugu yangu, fungua hiyo shingo, pika gundi, bandika. Ijumaa nikirudi nikute imekauka."

Mimi nikasema hiyo ndogo sana.

Shingo nikaifungua vizuri, nikakwangua. Nikaloweka gundi, nikawasha moto. Harufu haijafika hata mlangoni, Mama Kolodina huyo: "Shemeji, maduka yamejaa saa hizi, nyie bado mnachemsha viatu?"

Watu wakacheka. Nikaona haya, wakuu. Nikamwagia moto maji, nikaenda sokoni, nikanunua gundi ya kopo iliyoingia kupitia mpakani Sirari. Muuzaji akaapa inashika hata meli.

Hakudanganya. Mdanganyifu alikuwa mwingine.

Gundi ya ngozi inakamata hapo hapo, ikipoa tu. Hii ya kopo inateleza kama samaki kamongo. Mimi nikabandika kwa mazoea yangu, nikafunga na mpira wa tyubu ya baiskeli, nikaenda kulala. Asubuhi shingo imekaa upande, kama mtu anayechungulia kwa jirani.

Ijumaa Magesa akarudi. Akalitazama.

"Imeenda upande. Gundi umepika?"

"Nimepika."

"Yetu ile?"

"Yetu ile ile."

Akacheka kabisa. "Basi hamna neno, tunaifungua."

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema, wakuu. Nilikuwa nayo, nikaenda kuchemsha maji.

Akaweka gitaa kwenye beseni, akamwagia maji ya moto pale kwenye shingo. Haikuachia. Akaongeza. Akapasha kisu, kikagoma. Akaongeza tena, maana mimi nimesema ni gundi yetu, na gundi yetu lazima ifunguke.

Wakati shingo inagoma, viungo vingine vikaanza kuachia. Mgongo ukatoka. Mbavu zikatoka. Gundi ya lile dume la msibani ikawa inachuruzika kwenye beseni, rangi ya chai.

Akasukuma kisu mara ya mwisho. Ubao wa mbele ukapasuka.

Akakinusa kile kisu.

"Hii hainuki ng'ombe," akasema.

Nikainama kuokota mbavu kwenye beseni. Na yeye hakuuliza tena.

Jumamosi Bunda, Nyangeta akasimama mlangoni na shela lake. "Kaka, Mzee yuko wapi?"

Magesa akamwambia, "Mvua imemzuia dada. Amesema tangulia tu." Akaanza kupiga makofi, akaimba mwenyewe. Nyangeta aliingia, ila aligeuka nyuma mara tatu. Nilihesabu.

Magesa hakunifukuza. Tuliendelea kuunda magitaa pamoja miaka mingi. Ila kuanzia siku ile gundi alikuwa anapika mwenyewe, nami ananituma kuni.

Sasa ametangulia. Shingo ya Mzee ninayo, na kipande cha mwili wa gitaa bado kimeng'ang'ania pale pale nilipobandika. Mpaka leo hakijaachia.

Nilichojifunza: kazi ukiiharibu, sema umeiharibu kwa kitu gani. Anayekuja kutengeneza anafuata maneno yako.

Nimemaliza yangu. Na wewe uliyemwambia mtu "nimefanya" kumbe hujafanya, njoo hapa chini utupe yako, nisinuke mimi peke yangu.