Paja la Marlène

Paja la kushoto la Marlène lilianza kucheza wiki ileile jina la familia yake lilipobandikwa kwenye ubao wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Msuli uliruka chini ya ngozi kama panya ndani ya gunia, ukatulia, ukaruka tena. Kikafuata kidole gumba, kisha kope la chini. Kwao Bukavu kope la chini likicheza, watu husema utalia. Marlène hakuwa mtu wa mambo hayo, ila hilo la kope lilimkaa moyoni.

Miaka kumi na moja aliuza kaunjika, nguo za mitumba, soko la Tsoka mjini Lilongwe, hadi wakimbizi walipoamriwa kurudi kambini na kibanda chake kikapigwa kufuli ya mtu mwingine. Tsoka ilimfunza jambo moja: mteja hunyanyua shati juani, na akiona tundu, hata dogo kama kichwa cha sindano, harudi. Sasa walikuwa wanaitwa kupimwa afya ili wahamishiwe ng'ambo. Mumewe Rodrigue alisema ni kupima tu. Marlène aliona ni jua la Tsoka, na shati ni yeye.

Akatafuta mtandaoni, na simu ikammaliza. Ilimwambia kuna ugonjwa unaoanza hivyohivyo, misuli inacheza, halafu mkono unashindwa kushika kikombe. Basi kila asubuhi alinyanyua kidumu cha maji kwa mkono mmoja, kisha wa pili. Alitembea kwa ncha za vidole nyuma ya nyumba, mpaka jirani yake Gentille, mama aliyetoka Fizi huko Kongo, mwenye kisukari, akamwona.

"Mama Iteka, njo danse gani hiyo? Kwaya mupya?"

Marlène akacheka, akaingia ndani. Neno likitoka kinywani pale kambini, aliamini, jioni liko ofisini.

Akapanga. Kulikuwa na daktari wa kulipia Lilongwe aliyeona wagonjwa wa misuli Jumanne tu, na Jumanne ndiyo siku waliyoitwa. Akapimwe kwanza kwa siri. Akiwa mzima, arudi na karatasi mkononi. Rodrigue aende kusema mkewe yuko msibani Mponela, wapewe siku nyingine.

"Mi nasema twende vile tuko," Rodrigue alisema.

"We hujui kuuza. Matanga hawawezi kukataa, kila mutu iko na matanga."

Daktari alimgonga goti kwa nyundo ndogo, akamwambia asukume, avute, abane. Akamuuliza analala saa ngapi, anakunywa chai gani, anangoja nini. Mwisho akasema hana ugonjwa, ni mawazo na kukosa usingizi, vitaondoka vyenyewe. Marlène akamwomba aandike.

"Nimwandikie nani?"

"Watu wa safari."

"Kwani wamekuuliza?"

Aliandika hata hivyo. Njiani, pale Lumbadzi, akingoja minibasi ya kurudi, Marlène alinunua hindi la kuchoma akalila lote amesimama. Paja lilikuwa bado linaruka. Akaliacha liruke.

Nyumbani alimkuta Rodrigue amekaa kwenye kizingiti, shati la kanisani bado mwilini. Ofisi ilikuwa imemwambia familia hupimwa yote kwa pamoja. Mmoja akikosekana, faili linawekwa kando, na siku nyingine hawakutaja. Kesho yake Marlène alipeleka karatasi ya daktari. Karani aliisoma kwa adabu, akamrudishia. Haikuwa na pa kuwekwa. Miezi miwili baadaye wakasikia orodha imefungwa.

Gentille, ambaye naye alikuwa ameitwa kupimwa, alipita. Wiki ya kuondoka kwake alitandaza vyombo vyake mlangoni ili auze, na Marlène akaenda kutazama blanketi.

"Na sukari yako, Mama, uliificha namna gani?"

Gentille alimshangaa. "Nifiche nini? Baliniuliza nakunywa dawa gani, nikabaonyesha. Bakaandika, bakasema nibebe ya kutosha njiani."

 Marlène alinyanyua blanketi juani, kwa mazoea tu. Paja lilikuwa limetulia, siku ya kumi na nne sasa.

"Iko na tundu," alisema.

"Beba tu, Mama Iteka. Sitaki kitu kwako."

Tangu aanze biashara hakuna aliyewahi kumshushia bei hadi ikawa bure. Alilikunja, tundu likabaki ndani, akaenda nalo.