Jiwe la Karanga la Dada Kalunde

Kabla sijawasimulia lolote wenzangu wa rika langu kuhusu enzi zetu, nitenge kwanza niliyoyaona na niliyoyasikia. Nilisikia kwamba njia ya misafara ya zamani ilipita nyuma ya ua wetu hapa Chemchem, Tabora. Sikumwona mpagazi hata mmoja, wala baba yangu hakumwona. Nilichokiona kwa macho yangu ni ua wenyewe, jiwe bapa karibu na mlango wa jiko, na mama yangu akipondea karanga juu yake kila jioni. Kabla yake alilitumia bibi. Hilo pia nililiona. Katikati ya jiwe palikuwa na kishimo cha ukubwa wa bakuli dogo, kilichochimbwa na mikono ya wanawake hao wawili. Kishimo hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu.

Tulikuwa na furaha isiyohitaji betri. Asubuhi tulikwenda shule pekupeku, umande ukitulowesha miguu, mfukoni tuna michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa vikawa vigumu kama mbao. Ukianza kutafuna kimoja kipindi cha hesabu, ulikimaliza kengele ya mwisho ikilia. Alasiri tulicheza kombolela mpaka tuitwe kwa majina yetu kamili, ishara kwamba uvumilivu wa wazazi umekwisha. Siku za asali tulizijua kwa harufu: wanaume wa Sikonge waliingia mjini kwa baiskeli, madebe yamefungwa nyuma, nasi tukawafuata mbio, kila mmoja akiwania kupitisha kidole mahali debe lilipovuja. Mwenye duka la pembeni, mzee wa Kihindi tuliyemwita Babu Sukariguru, alimpa kipande cha sukari guru mtoto yeyote aliyetaja jedwali la saba bila kukwama. Dada yangu Kalunde, aliyenizidi miaka miwili, alikwama makusudi kwenye saba mara nane, akatoa machozi, akapewa vipande viwili kwa huruma. Vijana wa leo huiuliza simu saba mara nane ni ngapi, nayo haiwapi kitu cha kulamba.

Wageni tuliwaona kwa nadra. Mmoja namkumbuka vizuri: Mzungu mrefu, mpole, aliyekuja kutafuta mabaki ya misafara, akiendeshwa na dereva Mzaramo kutoka pwani. Mama aliwakaribisha, wakaketi mkekani, wakala ugali na uyoga. Msomaji anajua kwamba Mzaramo na Mnyamwezi ni watani. Mmoja humsimanga mwenzake hata msibani, na hapana anayekasirika. Dereva alipokwisha kunawa, alinitazama akasema kwamba Wanyamwezi tuna vichwa bapa kwa kubeba mizigo ya watu. Nilikuwa na umri wa miaka minane. Nikamwonyesha jiwe.

"Shimo hilo, mtani, ni la goti la babu yako. Alipiga magoti hapo akiwaomba babu zetu maji, wasimpe mpaka jiwe likabonyea."

Dereva alicheka hadi akashika mbavu. Kalunde aligaagaa mkekani. Mama alificha tabasamu kwa upindo wa kanga, kisha akanionya: "Neno la utani lina ua wake. Likitoka nje, hulirudishi." Mzungu aliuliza tunachekea nini, dereva akamweleza kwa Kiingereza, naye akaandika katika daftari lake. Alielezwa nini, siwezi kuapa, kwa kuwa wakati huo sikukijua Kiingereza.

Baadaye nilikuwa mwalimu kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu hunikumbuka kwa swali moja: umeona, au umesikia? Basi fikirieni fadhaa yangu magari ya watalii yalipoanza kusimama mlangoni kwa dada yangu, ambaye hadi leo anaishi katika ua ule ule. Waongozaji walieleza kwamba kila mpagazi alipiga goti katika jiwe hili kabla ya kuendelea na safari, na kwamba atakayefanya hivyo atarudi Tabora salama. Wageni wakapanga foleni: goti kishimoni, picha, anayefuata.

Mwanzoni tulichekea moyoni. Kisha wakazidi. Kiangazi magari yalifika tangu asubuhi. Wapangaji wa nyumba jirani waliondolewa ili vyumba viwe vya wageni, wakahamia kata ya Ipuli. Niliwasaidia kubeba vitanda, hivyo najua. Kalunde hakuweza tena kwenda bafu la uani bila kupigwa picha akiwa na ndoo yake. Alivumilia, akisema mgeni ni baraka. Lakini siku moja mwongozaji kijana aitwaye Sudi alilizungushia jiwe kamba, akamkataza kupondea karanga asije akaharibu historia.

Alinijia akitweta.

"Mwalimu," alisema, na huniita hivyo akiwa amekasirika tu, "lile goti ni uongo wako. Mimi napondea pale tangu mama alipotuacha. Nenda ukaseme kweli, la sivyo nitasema mimi, na nitakutaja jina kamili."

Nilikawia siku mbili. Mtu aliyetumia maisha yake kuwakemea watoto kwa kueneza uvumi hana haraka ya kukiri kwamba alianzisha wake. Siku ya tatu nilivaa koti, nikaenda. Nilimkuta Sudi na wageni wapatao kumi na wawili. Alinipa shikamoo, nikaitika, kisha nikasema mbele ya wote, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza, ili safari hii asitokee wa kunitafsiria: shimo ni la karanga, na habari ya goti niliitunga mimi nikiwa mtoto, kumsimanga Mzaramo.

Sudi alitazama chini.

"Sasa babu," alisema polepole, "mbona hata mimi Mzaramo?"

Kalunde, aliyesimama mlangoni, hakusubiri. "Kumbe ndiyo maana unalinda goti la babu yako. Fungua kamba, mtani. Utani una faini: piga magoti, uponde."

Hukumu ya mtani haina rufaa. Sudi alifungua kamba, akapiga magoti, akaponda karanga za kuungia nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, huku dada yangu akimwambia kwamba anaponda kama anayebembeleza mtoto. Wageni walicheka bila kujua kwa nini, kisha mama mmoja wa makamo akaomba zamu. Siku ile, kwa mara ya kwanza, waliketi mkekani. Kabla hawajaondoka, Kalunde alimpa Sudi masharti yake: siku mbili kwa wiki, alasiri tu, wachache kwa wachache, na salamu itangulie picha. Sudi alikubali mbele yangu.

Enzi zetu mgeni mmoja alitosha kutupa cha kusimulia mwaka mzima, na alipoondoka tulijua jina lake na kwao. Leo wanakuja wengi, na mtaa wenye kelele zote hizi hauna watoto wa kutosha kucheza kombolela. Wameshahamia Ipuli na wazazi wao. Naambiwa watarudi, sijaona. Naambiwa Sudi bado husimulia habari ya goti nikiwa mbali, sijamsikia, simhukumu. Ninachoweza kukithibitisha ni hiki: Alhamisi iliyopita nilikula kwa dada yangu nsansa iliyoungwa kwa karanga za jiwe lile, nikaomba niongezwe, na katika sahani ya pili chembe ya jiwe ikanigonga jino la mwisho nililobakiza upande wa kushoto. Sikuitema.